Dondoo muhimu: Kupiga picha mwezi bila stendi, Kisii na Nyamira

Mvua za alasiri huku milimani husumbua, lakini huosha vumbi na moshi hewani. Mawingu yakiachana usiku, toka na kamera yako mara moja.

Mwezi ni mwamba unaomulikwa na jua. Ukiiacha kamera iamue yenyewe, itadanganywa na giza linalouzunguka na utapata duara jeupe tupu. Weka ISO 100 au 200 na shata 1/250, kisha punguza mwanga hadi madoa ya kijivu yaonekane kwenye skrini. Zima flashi. Vuta zumu ya lenzi hadi mwisho. Ile ya kidijitali achana nayo.

Egemea ukuta au nguzo ya geti, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza taratibu. Piga nyingi mfululizo, moja itatulia.

Wengi hungoja mwezi mpevu. Mimi napendelea nusu mwezi, kwa kuwa vivuli huchora kingo za mashimo yake. Hapa karibu na ikweta, nusu mwezi unaokua huwa utosini jua likitua. Subiri saa tatu au nne usiku uteremke, shingo isiumie. Ukienda kwenye ukingo wa vilima vya Manga, usirudi nyuma huku jicho liko kwenye skrini.