Motokari inakosa nguvu: tuangalie moshi mbele ya kufungua moteri

Motokari iliyozoea kupandisha magunia ya mchele toka Ruzizi mpaka Bukavu sasa inachoka hata kwa kilima kidogo. Mara moja watu wanasema: «Moteri imekufa.» Fundi anaomba pesa ya kuifungua yote, na pesa hiyo ndiyo ile ya mbegu. Tusikimbilie huko.

Moteri ya mazutu haina buji. Pistoni inabana hewa mpaka inapata moto mkali, kisha mazutu inawaka yenyewe. Basi ikikosa hewa, ao mazutu safi, ao pistoni zisipobana vizuri, nguvu inapunguka.

Ukiona moshi mweusi mzito, mazutu ni nyingi kuliko hewa. Anza na filtri ya hewa. Kwa vumbi la kiangazi inaziba upesi sana. Kama iko na turbo, angalia pia mpira unaopeleka hewa, labda umepasuka. Kuna mashoferi wanatoa filtri kabisa «ili moteri ipumue». Hapana! Vumbi litakula silinda, na hapo moteri itakufa kweli.

Kama moshi si mwingi lakini motokari inakatakata ikipanda, mara nyingi mazutu haifiki. Sisi tunanunua mazutu ya bidoni, na maji inaingia humo. Weka kidogo ndani ya chupa inayoonyesha, uache mpaka asubuhi: maji itashuka chini. Chini ya filtri nyingi za mazutu kuna kizibo cha kutolea maji hayo. Filtri ikiwa nyeusi, badilisha. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya kufungua moteri.

Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, na maji ya radiateri inapunguka: simamisha, ita fundi.

Gusa pia magurudumu kisha safari, pole pole. Moja likiwa na moto kupita mengine, labda freni inalishika.

Tena, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu 10% ya nguvu kila mita 1.000 ya kupanda. Uvira iko karibu mita 800, Bukavu karibu 1.500. Kwa hiyo pima motokari kwa kilima kilekile, na mzigo uleule. Shoferi aandike katika daftari: kilima gani, vitesi gani, magunia ngapi, moshi wa rangi gani. Fundi akifika, mumuonyeshe daftari hiyo mbele hajashika ufunguo.