Kuziba Njia ya Pembeni: Somo juu ya Simu na Kazi Zetu

Masomo: Nehemia 6:1–15, Marko 1:35–38



Somo letu la mwezi huu ni la siku za kazi. Twataka kujifunza jinsi Mkristo awezavyo kuilinda kazi yake isiliwe na simu. Hatusemi simu ni dhambi. Kwa simu twapata habari ya msiba, twatuma ada ya mtoto, twauliza bei ya mpunga kabla ya kukodi gari. Lakini chombo hicho hicho kimekuwa mlango ambao haufungwi mchana wala usiku, na kila apitaye aweza kuingia na kututoa kazini.

1. Hasara tunayoipata

Fundi cherehani anampima mteja. Simu inalia, anasoma ujumbe wa kikundi, na akirudi kwenye kitambaa hakumbuki kama kiuno kilikuwa 32 au 34. Wakala wa fedha anahesabu noti huku akicheka na picha aliyotumiwa. Jioni hesabu haikubali, na pengo ni lake. Hizo ni hasara za fedha, nazo zinauma.

Zipo kubwa zaidi. Wilaya yetu ya Nzega ina wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtu aliyeshika winchi juu ya duara ameshika uhai wa mwenzake. Akiinamia simu kwa dakika moja tu, huenda asisikie aliye chini akiita. Kadhalika dereva wa bodaboda asomaye ujumbe akiwa barabarani, na muuguzi apimaye dawa ya mtoto. Kwa hiyo jambo hili si la adabu tu. Ni la kumpenda jirani.

2. Kwa nini twashindwa

Wengi husema, “Nitatazama mara moja tu.” Wataalamu wamechunguza neno hilo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Mikono imerudi kwenye cherehani, lakini moyo ungali kwenye ule ujumbe. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipima watu wafanyao kazi kwa kompyuta. Mwaka 2004 mtu alikaa kwenye jambo moja kiooni kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi kabla ya kuhamia jingine. Vipimo vya miaka ya karibuni vilionyesha kama sekunde 47 tu.

Tena mitandao mingi imetengenezwa ili tusiondoke. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: ukiusukuma kwa kidole, mengine yanatokea chini yake, na mengine tena. Baadaye yeye mwenyewe alisema anajuta. Basi anayetegemea nguvu ya moyo peke yake, kila simu inapolia, anashindana na watu wenye ujuzi mwingi. Hatuna budi kutafuta njia nyingine.

3. Mafundisho ya njia ya misafara

Njia hiyo wazee wetu waliijua. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kutoka Tabora hadi Ujiji, kila mmoja akichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Hatuisahau huzuni ya njia ile, kwa kuwa watumwa nao walipitishwa humo katika minyororo. Lakini katika kazi ya wapagazi wenyewe kuna hekima ya kutufaa.

Mbele ya msafara alikwenda kiongozi aliyeitwa kirangozi. Msafara ulikuwa mrefu. Wa nyuma hawakumwona wa mbele. Walipofika panapogawanyika njia, kirangozi hakuwaachia wa nyuma wachague. Aliiziba ile isiyo yao: alitupa matawi juu yake, au alichora mstari kwa mguu. Mpagazi aliyechoka, mwenye frasila mbili begani, alipofika pale hakuhitaji kufikiri. Njia mbaya ilikuwa imekwisha kufungwa.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Njia ya pembeni huzibwa kabla ya kufika na uchovu. Asubuhi, tukiwa na akili safi, ndio wakati wa kutupa matawi. Saa nane mchana, jua likiwa kali na kazi ikichosha, tumekwisha kuchelewa.

Tena misafara iliondoka alfajiri, na kwa kawaida ilipiga kambi kabla jua halijawa kali sana. Palikuwa na mwendo na palikuwa na kituo. Ule ukurasa usio na mwisho hauna kambi. Mwenye kuupigia kambi ni sisi wenyewe.

4. Nehemia juu ya ukuta

Nehemia alikuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu. Sanbalati na Geshemu walimpelekea mjumbe wakimwita wakutane katika bonde la Ono. Walimwita mara nne. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, Nehemia hakunyamaza kwa kiburi. Alijibu kila mara, na jibu lilikuwa lile lile: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Nasi twaweza kujibu kwa maneno machache, “Niko kazini, nitakupigia saa saba,” tukabaki ukutani.

Pili, mara ya tano waliituma barua iliyo wazi, yenye uvumi juu yake, ili kila mtu aisome. Je, hatuzijui barua za namna hiyo? Kila siku zinazunguka katika vikundi vya simu: fulani amesema hili, fulani ameonekana mahali fulani. Nehemia alikanusha kwa ufupi, kisha akamwomba Mungu aitie nguvu mikono yake. Hakutumia siku nzima kujibizana.

Tatu, ukuta ulimalizika kwa siku 52. Kama angeshuka kwa kila mwito, tusingeisoma habari hiyo.

5. Mtu aliye mbele yako

Tusije tukadhani kwamba kuilinda kazi ni kuwakimbia watu. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimfikia Livingstone pale Ujiji, akamletea mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umekaa muda mrefu hapa Unyamwezi. Stanley aeleza kwamba yule mzee alisoma barua moja au mbili za watoto wake, kisha akauweka mfuko kando, apate kuongea na mgeni wake. Barua zilizochelewa mwaka mzima zilingoja saa chache zaidi. Je, ujumbe uliofika dakika hii hauwezi kungoja mgonjwa ahudumiwe, au mwanafunzi amalize swali lake?

Naye Bwana wetu, kama Marko atuelezavyo, aliondoka alfajiri mapema sana akaenda mahali pasipo watu akaomba. Simoni na wenzake walimfuata wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Habari hiyo ilikuwa kweli, na waliomtafuta walikuwa na shida za kweli. Lakini alikuwa amekwisha kusema na Baba yake. Aliijua kazi yake ya siku ile, akaenda katika vijiji vingine kuhubiri. Anayeanza siku kwa sala anaijua njia yake. Anayeianza kwa simu huanza kwa kutafutwa.

6. Mambo ya kutenda

(a) Usiifungue simu asubuhi kabla ya sala na kabla ya kujua kazi yako kubwa ya siku ni ipi.

(b) Wakati wa kazi simu isiwe mezani wala mkononi. Iwe kwenye mkoba, kabatini, au kwa mwenzako. Kazi ya winchi na ya kuendesha chombo, simu izimwe kabisa.

(c) Zima milio ya vikundi na uifunge data. Chagua saa za kusoma ujumbe, mathalani saa nne, saa saba na saa kumi, kisha ufunge tena.

(d) Usiwafungie wenye shida ya kweli. Simu janja nyingi zaweza kupangwa zinyamaze, ila ziruhusu namba chache unazozichagua: ya nyumbani, ya shule, ya mzee mgonjwa. Waambie watu wako mapema, wasidhani umewadharau.

(e) Ambaye simu ndiyo chombo chake cha kazi, kama wakala, na atenge simu ya kazi na ya maongezi ikiwa anaweza. Asipoweza, amalize kumhudumia aliye mbele yake kwanza.

(f) Sisi tunaotuma ujumbe tuna wajibu pia. Habari za kwaya na za Umoja wa Mama ziende jioni, isipokuwa za msiba na za ugonjwa. Tusiwe sisi wenyewe mjumbe wa Sanbalati kwa ndugu aliye ukutani.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni saa ipi ya siku ambapo simu inakutoa kazini kuliko nyingine? Waweza kutupa tawi gani kabla ya saa hiyo?
2. Nani anaumia kwa kazi yako ukiifanya na mawazo nusu?
3. Kikundi chetu kikubaliane: ujumbe gani ungoje jioni, na ujumbe gani usingoje?

Sala

Ee Mungu, uliyetupa kazi na siku za kuifanya, utie nguvu mikono yetu. Utufundishe kufunga njia zisizo zetu, na kuwa wazi kwa jirani uliyemweka mbele yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.