SOMO LA WIKI: Kiwanda huanzia shambani

Mfanyabiashara anayetaka kufungua kiwanda kidogo huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Swali la malighafi huja baadaye, wakati mkopo umekwishachukuliwa na riba imeanza kuhesabiwa. Historia ya korosho nchini inaonyesha gharama ya kupanga mambo kinyumenyume namna hiyo, na sehemu ya historia hiyo iko Kibaha.

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikopa fedha, zikiwemo za Benki ya Dunia, na kujenga viwanda vya kubangua korosho kwa mitambo kutoka Italia na Japani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa 12, kimojawapo Kibaha, na kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilitegemea mavuno ya msimu wa 1973/74, yaliyofika tani 145,000 hivi.

Wakati kuta zikipanda, korosho zilikuwa zikipungua. Wakulima walihamishiwa katika vijiji vipya na mikorosho ikabaki mbali, mwituni. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo kupalilia. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, unaoshambulia maua. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa kiasi cha tani 16,500 tu. Viwanda vingi vikasimama, na deni likabaki pale pale.

Mitambo haikuwa kosa pekee. Kosa kubwa lilikuwa kuyachukulia mavuno ya mwaka mmoja kuwa ahadi ya miaka yote.

Hesabu ya mtu mdogo

Tuchukue mfano wa mwekezaji wa Kibaha anayetaka kubangua tani 4 za korosho ghafi kila mwezi, yaani tani 48 kwa mwaka. Kwa kuwa kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 ya korosho iliyobanguliwa, atapata kati ya tani 9.6 na 12 za kuuza.

Msimu wa kuvuna ni kama Oktoba hadi Januari. Kiwanda kinataka kula miezi 12. Kwa hiyo mzigo wa mwaka mzima hununuliwa katika muda mfupi, kisha hukaa ghalani. Kama bei ni shilingi 2,500 kwa kilo, zinahitajika shilingi milioni 120 kwa mkupuo. Mzigo ukipungua taratibu hadi kwisha, fedha iliyolala ghalani kwa wastani wa mwaka ni milioni 60. Kwa riba ya asilimia 18, hiyo ni shilingi milioni 10.8, sawa na shilingi 225 kwa kila kilo iliyonunuliwa.

Asilimia 5 ikiharibika kwa unyevu, milioni 6 nyingine zimekwenda, yaani shilingi 125 kwa kilo. Korosho ya shilingi 2,500 sasa ni ya shilingi 2,850, kabla ya magunia, usafiri na ushuru. Nyongeza hiyo ya shilingi 350, ikipelekwa kwenye korosho iliyobanguliwa, ni shilingi 1,400 hadi 1,750 kwa kilo. Asiyeiweka katika bei yake atauza kwa furaha na kufilisika polepole.

Mambo manne ya kupanga

Kwanza, chanzo. Biashara ya kangomba, ya kumnunulia mkulima kichochoro, imepigwa marufuku. Korosho ghafi hupita chama cha msingi, ghala na mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho Mtwara mwaka 2007. Mnunuzi hawezi kuanza kutafuta fedha baada ya mnada. Mazungumzo na benki yamalizike kabla ya Oktoba.

Pili, dalili za mapema. Mikorosho huchanua katikati ya mwaka. Mwenye kiwanda aulize Kisarawe wakati huo: je, salfa ya kuzuia ubwiri unga imefika kwa wakati? Maua yamesimama? Majibu hayo humwambia hali ya msimu miezi kadhaa kabla ya mnada.

Tatu, njia na hali ya hewa. Mavuno hukutana na mvua za vuli. Kati ya Mlandizi na Maneromango, njia inayounganisha wilaya hizi mbili, siku moja ya lori kukwama ni gharama, na gunia lililolowa ni hasara. Korosho zianikwe zikauke vizuri, zitiwe katika magunia ya juti yanayopitisha hewa, na zipangwe juu ya mbao.

Nne, mbadala. Chama kimoja kikikosa mzigo, cha pili kijulikane mapema. Na kiwanda kianze na uwezo unaoweza kulishwa katika mwaka mbaya. Mashine ya pili inunuliwe baada ya misimu miwili au mitatu ya uzoefu.

Si kila mali hupangwa hivi. Muhogo wa Kisarawe huharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa. Huko fedha iwekwe katika usafiri wa haraka na mnunuzi wa uhakika, si katika ghala.

Kibaha ina barabara ya Morogoro, ina reli, na tangu 2025 ina Bandari Kavu ya Kwala iliyozinduliwa kwa ajili ya mizigo. Hayo yote husaidia kutoa mali nje. Hayaongezi korosho hata moja mtini. Anayefikiria kuwekeza aende kwanza Kisarawe na daftari, ndipo aende dukani kuulizia mashine.