Kung'oa jino la mwenye hemofilia: Mbale na Jinja

Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi, na wanaougua ni wanaume kwa sehemu kubwa. Aina A ni upungufu wa protini ya kugandisha damu namba 8. Aina B ni wa namba 9. Mwenye chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida hutokwa damu hata bila kuumia, lakini mwenye asilimia 10 huweza kufika utu uzima bila kujijua, mpaka siku anapong'olewa jino.

Ndiyo maana maswali hutangulia koleo. Nkoma na kwingineko Mbale, kwenye Wagisu wengi, swali lenye tija kuliko yote ni la imbalu: alipotahiriwa, damu ilikoma lini? Jando hilo hufanyika hadharani, miaka ya shufwa, kwa hiyo ukoo mzima hukumbuka. Wajomba wa upande wa mama waulizwe pia. Asiyepita jandoni, Jinja au popote, huulizwa kuhusu magoti ya kuvimba ovyo na kuhusu ebinyo, yale meno ya mtoto mchanga ambayo waganga huyachokoa.

Akishajulikana, mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa, wala hang'olewi kwenye kliniki ya mtaani. Protini ya sindano ni ghali, na Uganda hutegemea sana msaada wa Shirikisho la Dunia la Hemofilia. Tarehe hupangwa dawa ikiwa tayari mkononi. Uniti 1 kwa kila kilo hupandisha namba 8 kwa asilimia 2 hivi. Mtu wa kilo 60 mwenye aina A kali, akilengwa asilimia 50, huhitaji uniti 1,500 muda mfupi kabla ya kung'olewa. Namba 9 hupanda kwa nusu ya hapo. Protini ya sindano ikikosekana, aina A hupewa krayopresipiteti, na aina B plazima.

Mate huyeyusha donge la damu, hivyo vidonge vya asidi ya traneksamiki, miligramu 25 kwa kilo kila baada ya saa 8, huanza kabla ya upasuaji na kuendelea kwa wiki moja hivi. Mwenye damu kwenye mkojo hapewi.

Ganzi huchomwa kwenye ufizi, kando ya jino. Sindano ya kina nyuma ya taya, kabla protini haijapanda, huweza kuvujisha damu hadi ikaziba njia ya hewa. Jino hutolewa taratibu, pengo likashonwa kwa uzi unaoyeyuka, na mgonjwa akauma shashi iliyoloweshwa traneksamiki.

Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku. Chakula ni uji uliopoa. Anayetoka mbali, kama milima ya Bududa, hulazwa usiku huo, maana damu huweza kurudi hata baada ya siku kadhaa. Ikirudi, donge laini huondolewa, shashi ikabanwa upya, na dozi ya protini ikarudiwa.