Somo Juu ya Mchanga: Matuta ya Shela na Maji ya Lamu

Mwanafunzi wa mji wa Lamu anapofungua mfereji asubuhi kabla ya kwenda shule, maji anayonawia uso yametoka chini ya mchanga wa Shela. Hayakutoka mtoni, kwa sababu kisiwa cha Lamu hakina mto. Ni maji ya mvua iliyonyesha juu ya matuta, yakazama polepole, yakakaa chini ya ardhi, kisha yakavutwa kutoka visimani na kusafirishwa hadi mjini. Watoto wa Shela na Lamu wameyapanda matuta hayo mara nyingi kwa mchezo. Inafaa pia wajue kwamba wanacheza juu ya birika la mji mzima.

Makala haya yanaeleza mradi wa darasa ambao shule yoyote ya msingi kisiwani inaweza kuufanya bila gharama kubwa. Umepangwa kwa wanafunzi wa Gredi ya 4, 5 na 6, na una sehemu tatu: majaribio darasani, matembezi kwenye matuta, na ziara ya magofu ya Takwa, ng'ambo ya mlango wa bahari katika kisiwa cha Manda. Wazazi nao watapata humu mambo ya kuzungumza na watoto wao nyumbani.

Kwa nini somo hili

Mtaala wa umilisi, ambao wengi wanaujua kwa jina la CBC, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kutazama mazingira yake mwenyewe. Kwa mtoto wa Lamu, hakuna mazingira yaliyo karibu na yenye faida kuliko matuta haya. Ndani yake mna sayansi, hisabati, historia na uraia.

Upande wa uraia ni muhimu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa serikali za kaunti jukumu la huduma za maji na usafi, pamoja na kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, lakini maji anayokunywa mwanafunzi ni jambo la kaunti, la shule na la mzazi kwa pamoja.

Sehemu ya kwanza: majaribio darasani

Jaribio la 1: Mchanga una nafasi. Jaza mchanga mkavu vikombe 3 katika chombo cha kioo au chupa ya plastiki iliyokatwa juu. Chukua kikombe kile kile, kijaze maji, kisha mimina maji taratibu juu ya mchanga hadi yafike usawa wa uso wake. Wanafunzi wataona kwamba kikombe 1 hivi cha maji kimeingia ndani ya chombo kilichoonekana kuwa kimejaa. Maji yamekaa kati ya chembe na chembe. Chini ya Shela, maji yamehifadhiwa namna hiyo hiyo. Hakuna shimo kubwa wala ziwa lililojificha, bali ni nafasi ndogo zisizohesabika.

Jaribio la 2: Maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi. Teka maji ya bahari katika glasi, uyatie rangi kidogo, hata rangi ya biriani inatosha. Kisha mimina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa uso wa maji ya bahari. Tabaka mbili zitaonekana: ya rangi chini, nyeupe juu. Sababu ni uzito. Lita 1 ya maji baridi ina kilo 1, na lita 1 ya maji ya bahari ina takriban kilo 1 na gramu 25, kwa kuwa imebeba gramu 35 hivi za chumvi.

Sasa mwanafunzi atie mrija katika tabaka ya juu na kuvuta maji pole pole kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji meupe yatatoka. Halafu ausukume mrija hadi karibu na mpaka wa tabaka mbili na kuvuta kwa nguvu. Maji ya rangi yatapanda. Kisima kilichochimbwa kina kirefu mno, au kinachovutwa kwa pampu kali bila kupumzika, huleta chumvi kwa njia hiyo hiyo.

Jaribio la 3: Kinachomwagwa juu hufika chini. Toboa tundu dogo chini ya chupa, ijaze mchanga, kisha weka kijiko kimoja cha rangi juu ya mchanga. Mimina maji kama mvua. Baada ya muda mfupi maji yanayotoka tunduni yatakuwa na rangi. Waulize wanafunzi: ingekuwaje kama badala ya rangi pale juu pangekuwa na choo cha shimo, mafuta ya jenereta au jaa la taka?

Hesabu ya somo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 10 juu ya kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Mwanafunzi akishafanya hesabu hii kwa uwanja wa shule, aifanye tena kwa eneo la tuta moja.

Gredi ya 6 wanaweza kuongeza hesabu moja zaidi. Katika visiwa na pwani za mchanga, wataalamu hutumia kanuni hii: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ina majina ya Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walioieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ina habari njema na onyo. Kiwango cha maji kikishuka kwa sentimita 10 tu, akiba ya chini hupungua kwa mita 4, kwa sababu bahari hupanda kujaza nafasi. Uharibifu mdogo juu huwa mkubwa chini.

Sehemu ya pili: matembezi kwenye matuta

Wakati mzuri wa matembezi ya kwanza ni wiki ya tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu mwaka 1993. Kipindi hicho ni mwisho wa kiangazi cha kaskazi, kabla ya masika. Matembezi ya pili yafanywe muhula wa 2, baada ya mvua kubwa za Mei, ili wanafunzi walinganishe. Mwaka ambao Ramadhani inaangukia Machi, tarehe isogezwe.

Shule za mjini zinaweza kutembea kufuata ufuo hadi Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, au kwenda kwa mashua. Waondoke mapema kabla jua halijawa kali, na warudi kwa wakati ili watoto wawahi chuoni alasiri. Kila mtoto awe na kofia au mtandio, maji ya kunywa na viatu. Kuogelea kusiwe sehemu ya ziara. Upande unaotazama bahari kuu una mawimbi na mikondo.

Wakifika, wanafunzi wagawanywe katika makundi manne:

Kundi la upepo litazame umbo la matuta. Upande gani umelala na upande gani umesimama? Kusi hupeleka mchanga wapi?

Kundi la mimea lichore mimea inayotambaa juu ya mchanga na kueleza jinsi mizizi yake inavyozuia mchanga usihame. Mimea ising'olewe.

Kundi la mvua lichimbe kwa mkono hadi kufikia mchanga wenye unyevu, na kupima kina kwa rula. Mahali palipokanyagwa sana na pasipokanyagwa palinganishwe, kisha mashimo yafukiwe.

Kundi la dalili za watu liandike kila kitu kilicholetwa na binadamu: plastiki, njia za punda, kuta, mahali palipochotwa mchanga. Liandike linachokiona bila kumlaumu mtu.

Kwa kibali cha mwenyewe, mwalimu apime kisima kimoja cha nyumba au cha msikiti kwa kamba na jiwe, na aandike umbali kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji. Kazi hii ni ya mtu mzima. Watoto wakae mbali na ukingo. Kipimo hicho kikirudiwa baada ya masika, darasa litakuwa na grafu yake la kwanza la maji ya mtaa wake.

Maji yasionjwe ili kujua chumvi. Weka kijiko kimoja kimoja cha maji ya mvua, ya kisima na ya bahari katika visahani vitatu vyeusi, uviache juani. Kitakachobaki baada ya maji kukauka kitatoa jibu.

Sehemu ya tatu: Takwa, mji ulioachwa

Ng'ambo ya Shela, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa. Mji huo ulistawi katika karne ya 15 hadi ya 17. Leo umebaki na ukuta wa mji, msikiti mkubwa, kaburi la mnara, nyumba za matumbawe na visima, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Kwa nini watu waliuacha? Wanahistoria hutaja sababu zaidi ya moja, zikiwemo ugomvi na mji wa Pate na visima kugeuka chumvi. Mapokeo ya Shela yanasema kwamba waliotoka Takwa walivuka na kuhamia upande huu. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa kwenye kaburi la mnara kuomba dua ya mvua. Mwanafunzi aliyefanya jaribio la mrija darasani ataelewa akisimama kando ya kisima cha Takwa kwamba mji unaweza kuwa na ukuta imara na msikiti mzuri, na bado ukashindwa kwa kukosa maji.

Ziara hii inahitaji mpango. Mashua huingia mkono wa bahari katikati ya mikoko hadi Takwa wakati maji yamejaa, kwa hiyo mwalimu aulizie nahodha saa za kujaa na kupwa kabla ya kutangaza siku. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha, na barua za ridhaa ya wazazi zikusanywe mapema.

Birika linaloweza kuharibika

Matuta ya Shela yana mambo manne yanayoyatisha. La kwanza ni ujenzi juu yake au karibu mno, kwa sababu saruji huzuia mvua kuzama na maji machafu ya nyumba huingia ardhini. La pili ni kuchota mchanga wa kujengea. La tatu ni kuvuta maji kupita kiasi, hasa mji unapokua na wageni wanapoongezeka. La nne ni bahari yenyewe, ambayo usawa wake unapanda duniani kote kutokana na joto kuongezeka.

Mvutano kuhusu ardhi ya matuta si jambo geni kwa wakazi. Wapo wanaotafuta mahali pa kujenga, wapo wanaoishi kwa kazi za utalii na ujenzi, na wapo wanaohofia visima vyao. Darasa si mahali pa kuamua kesi hizo. Lakini mtoto anayejua maji yanavyokaa chini ya mchanga atakuwa mkazi anayeuliza swali sahihi kwenye mkutano wa hadhara, kwa sababu maji yakishageuka chumvi kuyarudisha huchukua miaka mingi, kama yanarudi.

Visiwa jirani vina elimu yake pia. Wakazi wa Faza na Kizingitini wamezoea kukinga mvua katika majabia. Majumba ya kale ya mjini Lamu yalikuwa na birika lenye visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Kukinga mvua paani leo ni kupunguza mzigo wa visima vya Shela.

Kazi ya nyumbani

Kwa wiki moja, mwanafunzi ahesabu madumu au ndoo za maji zinazotumika nyumbani kila siku, na aandike zimetumika kwa kazi gani. Amwulize bibi, babu au jirani mzee: zamani mlichota maji wapi? Kisima kipi kilikuwa kitamu na sasa kina chumvi? Majibu yaletwe darasani na kuwekwa kwenye ramani moja ya mtaa.

Mzazi anaombwa mambo matatu: aruhusu mtoto kwenda ziara, ajibu maswali yake kwa ukweli, na asitupe taka wala kumwaga mafuta kwenye mchanga. Mwalimu anayepanga mradi aanze kwa mwalimu mkuu, kisha afisi ya elimu kwa kibali cha ziara, kampuni ya maji ya LAWASCO kwa maelezo ya visima, na Makumbusho kwa safari ya Takwa.

Ramani na vipimo vitunzwe shuleni. Darasa la mwaka ujao litapima kisima kile kile kwa kamba ile ile, na baada ya miaka michache Shela itakuwa na kumbukumbu ya maji yake iliyoandikwa na watoto wake.