Mali Bila Daftari: Mbinu za Kikundi Kuchangisha na Kuaminika

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limefunga kazi. Uingereza nayo ilitangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027.

Kikundi kidogo cha hapa Majengo, Meru, kinacholisha wazee au kulipia yatima karo, huenda hakikuwahi kuona hata senti ya USAID. Lakini mashirika makubwa yakikosa ufadhili, nayo huja kubisha milango ileile tunayobisha sisi: muuza nafaka wa Gakoromone, msikiti, kanisa, steji ya boda, na mtoto wa mtaa aliyepata kazi Nairobi au Doha. Na kila mwenye mlango ana swali moja: hela yangu itafika? Wahenga walishalijibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mbinu zifuatazo zinafaa Majengo ya Meru, ya Embu, na mtaa wowote unaochangishana.

1. Ondoeni mchango kwenye simu ya mtu

Tuseme mama mmoja ametuma shilingi 2,000 kwa nambari ya mweka hazina. Mweka hazina ana deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa, hata kabla hajaisoma meseji. Hakuiba, lakini atamweleza nani akaeleweka? Na akifariki, mchango wenu utangojea urithi wake.

Kajiandikisheni kwa afisa wa Maendeleo ya Jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kisha fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Wekeni watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili wao. Wasiwe watu wa nyumba moja. Benki nyingi zina Paybill: mchangiaji huandika nambari ya akaunti yenu, na pesa inaingia bila kupitia mfuko wa mtu.

2. Bandikeni hesabu mlangoni

Ripoti ya kurasa 40 humfaa mfadhili wa ng'ambo. Jirani anataka karatasi moja ya manila, kwa kalamu nene, kila mwisho wa mwezi. Kwa mfano:

Tulipokea: 18,400
Unga, bela 4: 6,800
Maharagwe, kilo 40: 6,000
Mkokoteni: 300
Ada za M-Pesa: 140
Baki: 5,160

Hiyo 140 msiifiche. Anayeona mmeandika hata ada ya kutuma pesa ataamini kwamba hiyo 6,800 ni ya unga kweli. Risiti ziwe kwenye bahasha, na yeyote akiziomba apewe azisome palepale. Vitu pia viandikwe: ndizi mkungu mmoja, sukuma wiki gunia moja, nani alipokea, nani aligawiwa. Ukigawa bila kuandika, kesho utaambiwa ulipeleka kwa shemeji yako.

3. Kila pesa na fungu lake

Majengo Waislamu na Wakristo huchangia kikapu kimoja, nayo ni baraka. Lakini zaka ina mafungu yake manane, si pesa ya kupaka ofisi rangi. Ipeni ukurasa wake, na mkiwa na shaka muulizeni imamu kabla ya kuigusa. Vivyo hivyo mtu akitoa pesa ya karo, msiihamishie kwenye mazishi bila kumpigia simu, hata kama msiba ni wa leo.

4. Ombeni kidogo kwa wengi

Watu 100 wakitoa shilingi 50 kwa wiki, ni 20,000 kwa wiki nne. Si pesa ya kujenga zahanati, lakini haitegemei uchaguzi wa Marekani. M-Pesa Ratiba humwezesha mtu kupanga malipo yajitume yenyewe siku anayotaka, msije mkamkimbiza kila Ijumaa. Naye asipotuma wiki mbili, mjulieni hali kwanza. Huenda sasa yeye ndiye wa kusaidiwa.

5. Bahasha ya mheshimiwa

Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto wa Kenya aliagiza itungwe sheria ya kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Msingoje sheria. Mwanasiasa akileta bahasha, ihesabiwe mbele ya watu, ipewe risiti, iandikwe kwenye manila mstari mmoja sawa na ule wa mama mboga. Kipaza sauti kibaki mkononi mwenu. Wala msipange bajeti ya mwaka juu ya ahadi yake.

6. Msimtembeze mtoto

Picha ya yatima anayelia huvuta pesa haraka, kisha humfuata mtoto huyo mpaka sekondari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Nasi twajua kwamba mlezi anayengoja unga hawezi kukataa. Pigeni picha ya magunia, madaftari, na risiti ya karo iliyofunikwa jina.

7. Mkikosea, semeni kwanza

Pesa zikipungua, itisheni mkutano wiki hiyohiyo, kabla uvumi haujafika kwa kinyozi. Semeni ni kiasi gani, ilikuwaje, nani atalipa na lini. Kisha tarehe hiyo ikifika, bandikeni risiti ya malipo palepale mlangoni. Mtaa husamehe hasara iliyoelezwa. Ile iliyofichwa huviponza hata vikundi vingine vinavyochangisha kwa uaminifu.

Basi kabla hujaandika barua nyingine ya kuomba ufadhili, nunua daftari la mistari, kitabu cha risiti chenye nakala, na manila moja. Andika mlichopokea mwezi uliopita, hata kama ni shilingi 900, ubandike. Atakayesimama kusoma ndiye mfadhili wako wa kwanza.