Ukikimbilia Mtoto wa Shule Karagwe na Kyerwa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Umetangaza kwamba utakimbia ili mtoto asiye na uwezo asome. Vizuri. Soma haya kabla hujanunua viatu.

Taja kitu, usitaje "elimu". Shule za msingi za serikali hazitozi ada; ya sekondari za serikali hadi kidato cha 4 ilifutwa kuanzia Januari 2016, na kidato cha 5 na cha 6 vikafuata mwaka 2022. Ukimwambia mzee wa Kaisho, kule Kyerwa, unachangisha ada, atakuuliza ada ipi, na hutakuwa na jibu. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, daftari, chakula cha mchana na godoro la bweni. Andika: magodoro 40. Hata CRDB Bank Marathon ilipoanza mwaka 2020 ilitaja upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mkimbiaji akiulizwa anakimbilia nini, alikuwa na la kusema.

Usizimalize hela kwenye fulana. Piga hesabu. Wakimbiaji 100 wakilipa kiingilio cha shilingi 20,000, una milioni 2. Fulana moja ikikugharimu 15,000, milioni moja na nusu imeondoka kabla filimbi haijapulizwa. Ondoa maji, medali na spika. Mtoto amebaki na nini? Anayetaka fulana aje na yake ya nyumbani, wewe mpe namba ya kifuani.

Usimpandishe mtoto jukwaani. Hili sitalisamehe. Niliwahi kuona mshereheshaji akimvuta mkono binti wa darasa la tano, akamgeuza ili watu waone mgongo wa sare uliochanika, huku kamera zikipiga. Michango ilimiminika, sikatai. Binti alikuwa anakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili, macho chini, na wanafunzi wenzake walikuwa hatua chache tu mbele yake. Jumatatu alitakiwa kukaa nao dawati moja. Picha za mahitaji zipo nyingi: piga sakafu tupu ya bweni.

Usidai ahadi kabla ya kahawa. Huku kwetu watu wengi hawana mshahara, wana shamba. Mavuno huanza kama mwezi Mei, na hela huja baada ya mnada na malipo ya chama cha msingi cha ushirika. Ukimbana mkulima mwezi wa pili atimize ahadi ya 50,000, anaweza kuipata kwa butura: kahawa inauzwa ikiwa bado maua au changa mtini, kwa bei ya kutupa. Utakuwa umemsomesha mtoto wa jirani kwa kumfukarisha mkulima mwenye watoto wake. Weka mbio Julai, weka mwisho wa ahadi Septemba.

Na usijaribu Novemba. Kuna mvua, na senene, wale panzi wa kuliwa, wakianguka, watu wanakesha kwenye taa na mabati. Hutapata wa kukushangilia saa 12 asubuhi.

Pokea mkungu. Bibi akileta ndizi, jogoo au debe la maharage badala ya noti, usimwambie "tunapokea kwa simu tu". Fanya mnada palepale, kama kanisani. Mkungu wa shambani unaweza kununuliwa mara tatu, kila mnunuzi akiurudisha mezani. Nimeona mikungu ikiipita mifuko ya wakubwa waliokaa viti vya mbele.

Vibali viwe mkononi. Riadha Tanzania, Baraza la Michezo la Taifa, ofisi ya mkuu wa wilaya, polisi. Usimruke mtendaji wa kata wala mwenyekiti wa kijiji. Gari la wagonjwa liwepo. Bodaboda waambiwe siku tatu kabla, kijiweni kwao na si redioni tu, la sivyo watakatisha katikati ya wakimbiaji pale Omurushaka.

Heshimu milima. Sehemu kubwa ya Karagwe ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wewe uliyetoka Dar es Salaam juzi, usijitape. Njoo siku kadhaa mapema, tembea Kayanga, panda na ushuke, ndipo uchague umbali. Kilomita 5 zinahesabika.

Hela isikae kwenye simu ya mtu. Hata ya katibu, hata kama ni mchungaji. Fungua akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao mzazi. Baada ya manunuzi, bandika karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: kilichoingia, kilichotoka, risiti. Kama ilibaki 3,400, iandikwe 3,400.

Usipande bodaboda. Mtu ameahidi 1,000 kwa kila kilomita, umeishiwa pumzi kwenye kilomita ya 14 kati ya 21, na kijana anakuita, "Bosi, twende!" Mwambie hapana, kaa chini ya mgomba, kunywa maji. Kwenye fomu andika 14.